Kiraka Hakishonwi kwa Matusi

Najua nimepotea. Si kwamba nimewasusa, la hasha. Majaribio yamefuatana kama malori ya Tunduma, halafu bumu likachelewa, na bila bumu hakuna bando, na bila bando hakuna mimi. Na wale mlioanza kuulizana chini chini kama nimedisko, poleni sana, bado nipo.

Leo sina stori za kafeteria wala za maji kukatika bwenini. Kuna jambo limenikaa rohoni na nataka nilitoe kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi saa nane mchana kikundi chetu cha programu huria kinakutana, na ajenda ni moja tu: je, tuwe na kanuni za namna ya kuzungumza na kukosoana, au tuendelee hivi hivi, kila mtu na mdomo wake? Mimi nasema tuwe nazo. Nitasema kwa nini, na sitamung'unya maneno.

Kwa ninyi wa sheria, ualimu na biashara mnaopita hapa kufuata stori tu, msikimbie. Programu huria ni programu ambayo kodi yake iko wazi (wa Tunduma msishtuke, si ile ya forodhani, ni yale maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta ifanye nini). Mtu yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuwagawia wenzake. Ukiona tundu, unashona kiraka. Unakituma kwa mtunzaji wa programu, naye anakikagua, anakipokea au anakikataa. Kazi yote hiyo inakwenda kwa kuandikiana, kati ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso na ambao wengi hawalipwi hata shilingi. Njia pekee inayowaunganisha ni maneno. Ukiharibu maneno umeharibu barabara.

Na msidhani haya ni mambo ya mbali. Kama simu yako ni Android, ndani yake kuna kiini cha Linux. Takwimu za afya kutoka wilayani kwetu hupita kwenye DHIS2, mfumo huria uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wameufanyia kazi kwa miaka mingi. Mama wa Ileje anapompeleka mtoto kliniki, hesabu yake inapita kwenye kazi ya watu waliokubali kukosoana na kusahihishana mpaka mfumo ukasimama.

Sasa kisa chenyewe, kwa kifupi. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, wa nyumbani kwetu Itumba (makao makuu ya Ileje, kwa wale mnaodhani Songwe inaishia Tunduma), alitumia likizo yake kuichora Itumba kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Alitembea na simu mkononi. Akaweka njia za miguu, visima, mashine za kusaga, maduka, mpaka barabara ya kwenda Isongole kwenye mpaka na Malawi. Aliporudi chuo akaileta kazi yake kwenye grupu letu akiomba ikaguliwe.

Nyumba alizochora zilikuwa zimekaa pembeni, zimesogea mita kadhaa. Sababu yake anaijua kila aliyewahi kuchora ramani ya milimani: penye miinuko picha ya setilaiti mara nyingi haikai sawasawa na ardhi, inabidi uisogeze kwanza ilingane na njia zilizopimwa kwa GPS, ndipo uanze kuchora juu yake. Ukishaelekezwa ni kazi ndogo. Sentensi moja ingetosha: "Picha imesogea, ilinganishe na njia za GPS kisha uhamishe nyumba zote kwa pamoja."

Sentensi hiyo haikuja. Mkubwa mmoja, simtaji na msiniulize, alimwita mjinga mbele ya grupu zima, akasema watu wa vijijini ndio wanaoharibu ramani. Wengine wakamwaga emoji za kucheka. Halafu kazi yote ikafutwa. Yote! Pamoja na visima, ambavyo havikuchorwa kutoka kwenye picha, vilipimwa kwa miguu, na vilikuwa sahihi kabisa. Kijana akatoka kwenye grupu usiku ule ule. Nilipomtafuta kesho yake aliniambia kwa upole, "Dada, nyie endeleeni tu, mimi acha nisome masomo yangu."

Hebu tupige hesabu ya hasara. Nyumba zilizosogea hazikurekebishwa. Visima vimepotea. Na yule aliyetukana hawezi kuvirudisha kwa kuvipima mwenyewe, maana Itumba hajawahi kukanyaga. Mtu pekee kwenye grupu lile aliyejua kisima kipi hukauka mwezi wa tisa ndiye aliyefukuzwa. Nani kafaidika?

Ramani Huria, ule mradi wa Dar es Salaam ulioanza 2015, uliwatuma wanafunzi wa vyuo kushirikiana na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko. Thamani yake ilikuwa hapo hapo: setilaiti inaona mabati, haioni mfereji upi unafurika na maji yanafika kwenye dirisha la nani. Hilo analijua mkazi. Na sisi wa Ileje tuna mto Songwe, unaotutenganisha na Malawi na ambao umekuwa ukihama mkondo wake mafuriko yanapopita, mpaka serikali mbili zikaunda mpango wa pamoja wa bonde hilo. Ukitaka kujua mto unapita wapi mwaka huu, utamuuliza nani? Yule mkali wa grupu, au kijana wa kule unayemwita mjinga?

Haya, tuje kwenye hoja za wapinzani wangu. Nimezisikia zote, nyingine nimeambiwa usoni kwenye foleni ya chakula.

Hoja ya kwanza ni Linus. Kila ukitaja kanuni, mtu anainua kidole: "Linus Torvalds alikuwa anatukana watu, na Linux ndiyo hiyo imetawala dunia!"

Ni kweli alitukana. Desemba 2012 alimfokea hadharani mmoja wa watunzaji wake wakubwa kwa sababu ya badiliko lililovunja programu za watumiaji. Kanuni aliyokuwa anaitetea ni nzuri mno: ukirekebisha kiini, usivunje programu ya mtu iliyokuwa inafanya kazi jana. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini hebu ichukue kanuni hiyo uiandike bila tusi hata moja. Imepungua nini? Hakuna. Lile tusi halikuwa limebeba mzigo wowote.

Halafu mnaomtaja Linus, mbona hadithi yenu inakatikia njiani kila siku? Ngoja niimalizie. Mwaka 2013 Sage Sharp, aliyeandika kodi ya USB 3.0 ndani ya Linux, alijitokeza waziwazi akadai lugha ile ikome. Haikukoma. Mwaka 2015 akatangaza kwamba ameachana na kazi ya kiini. Mtu mwenye ujuzi wa namna hiyo, kaondoka kwa sababu ya midomo ya watu! Halafu tarehe 16 Septemba 2018 Linus mwenyewe aliandika kuomba radhi, akasema anapumzika kidogo apate msaada wa kujifunza kuelewa hisia za wenzake. Wakati huo huo Linux ikapokea kanuni za mwenendo zilizotokana na Contributor Covenant, waraka uliotungwa mwaka 2014 na Coraline Ada Ehmke. Mwezi uliofuata, Oktoba, toleo la 4.19 likatoka na Linus akarudi kazini.

Watu walitabiri Linux itakufa kwa ulaini. Imekufa? Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani zinatumia Linux, na kuja kwa kanuni hakukuondoa hata moja. Kanuni zenyewe nazo si za kupamba ukuta. Novemba 2024 mtunzaji wa mfumo wa faili unaoitwa bcachefs alizuiwa kuleta kazi yake kwa toleo zima la 6.13, kwa sababu ya lugha aliyomtolea mwenzake.

Kwa hiyo ukimwiga Linus wa 2012 leo hii, unamwiga mtu ambaye Linus mwenyewe ameshamkana. Unapanga foleni kwenye duka lililohama mtaa. Na hata kama asingemkana, yeye aliianzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kama sisi, akaijenga kwa miaka mingi. Wewe mwenzangu na mimi, kiraka chako kilichopokelewa ni kipi, cha kukupa mdomo wote huo?

Hoja ya pili: "Kodi haina hisia." Sawa, haina. Mtunzaji anayo. Na hapa nataka wale wanaojiita wagumu wanisikilize vizuri, kwa sababu kisa hiki ni cha usalama, somo wanalolipenda.

Kuna programu ndogo inaitwa xz. Kazi yake ni kubana mafaili, na imo katika Linux nyingi mno. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa kujitolea tu. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumwandama. Mbona viraka havipokelewi? Mbona mambo hayaendi? Kama umeshindwa si umwachie mwingine? Alijieleza kiungwana kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili kwa muda mrefu, na akawakumbusha kwamba kazi ile hailipwi. Hawakumwacha. Na huyo "mwingine" alikuwa ameshasogea karibu, mpole, mchapakazi, anajiita Jia Tan. Polepole akakabidhiwa madaraka. Februari 2024 akaupenyeza mlango wa siri katika toleo la 5.6.0, halafu na 5.6.1, mlango ambao ungemruhusu mwenye ufunguo kuingia kwenye seva za watu akiwa mbali. Ulianikwa tarehe 29 Machi 2024 na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeshtuka kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kulikuwa kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Bila macho yake sijui tungekuwa tunaongea nini leo.

Wengi waliochunguza jambo lile wanaamini wale wakali na yule mpole walikuwa kundi moja. Mmeelewa maana yake? Kumsimanga mtunzaji kulitumika kama nondo ya kubomolea mlango. Na ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu watu walikuwa wameshazoea kuona watunzaji wakisimangwa. Pangekuwa mahali ambapo kumfokea mtu anayejitolea ni jambo la ajabu, si mtu angeuliza, "Samahani, ninyi ni akina nani, na mmewahi kuleta kiraka gani hapa?" Hakuna aliyeuliza. Kelele zilionekana ni hali ya hewa.

Najua mtanirudishia: "Si unaona, mwizi mwenyewe alikuwa mpole!" Ndiyo, alikuwa mpole, na kodi yake ilipaswa kukaguliwa mstari kwa mstari kama ya mtu mwingine yeyote. Sijasema mpole aaminiwe. Nasema kazi ikaguliwe kwa ukali wote na mtu asidhalilishwe. Jicho kali na mdomo mchafu ni vitu viwili tofauti, na nimewaona wengi humu wenye hicho cha pili wakiwa hawana kabisa hicho cha kwanza. Aliyefuta Itumba alifuta visima vilivyo sahihi. Huo ni ukaguzi?

Hoja ya tatu inanichekesha: "Haya mambo ya kanuni za heshima ni ya Kizungu, sisi Waafrika tunataniana." Jamani, utani! Mnaujua utani lakini?

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, wakaja kuwa watani. Mtani anaweza kukuambia maneno ambayo mwingine akiyasema panachimbika. Lakini utani una masharti yake. Unajulikana na pande zote mbili. Na wewe una haki ya kumrudishia, awe mkubwa awe mdogo. Zaidi ya yote una wajibu: siku umefiwa, mtani ndiye anakuja kushika kazi za msiba, anachekesha wafiwa ili wasizimie kwa uchungu. Ndiyo gharama ya ruhusa ile ya kutukana. Ameilipia.

Sasa nauliza, yule mkubwa aliyemwita mwenzake mjinga, siku kijana akifiwa ataenda Itumba kuchimba kaburi? Hata jina lake kamili halijui. Huyo si mtani. Ni mtu baki anayetukana, na kwa mila zetu mtu baki akikutukana hayo ni matusi tu, hayana jina jingine. Kwa hiyo tusiwasingizie mababu.

Na kuna heshima nyingine ya uongo hapa chuoni, ya mkubwa kudai shikamoo huku mwenyewe akimjibu mdogo kwa kejeli. Shikamoo ina marahaba yake. Heshima ya upande mmoja ni woga.

Wala sisemi tusibishane. Kiswahili chenyewe kwenye kompyuta kimepatikana kwa ubishi. Hata hicho kidude chenyewe bado tunagombania jina: kompyuta, tarakilishi, ngamizi, kila mmoja na wake. Mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, na kila neno kwenye menyu ilibidi liamuliwe, moja libaki na mengine yaachwe. Fikiria wangeitana wajinga kwa kila neno. Tungekuwa bado tuko kwenye "faili" mpaka leo. Kubishana ni sehemu ya kazi, lakini ubishi una mwisho, na baada ya mwisho kazi inaendelea na walioshindwa wanabaki mezani.

Hoja ya nne ndiyo pekee ninayoiheshimu, na imetolewa na rafiki yangu wa mwaka wa tatu ambaye si mtukanaji hata kidogo. Anasema: "Leo mtakataza matusi, kesho mtakataza ukosoaji. Kanuni za lugha nzuri tunazijua zinakoishia."

Ana sababu ya kuogopa. Sisi tumekua na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui mtandaoni zilizomtaka hata mwenye blogu akate leseni, ukijumlisha ada zote ni kama shilingi milioni 2.1. Hizo ni bumu za muhula mzima na zaidi! Juni mwaka huo JamiiForums ikasitisha huduma kwa muda. Mtu aliyeyaona hayo akisikia neno "kanuni" halafu neno "lugha" katika sentensi moja, lazima ashike mlango.

Lakini kaka yangu, tazama tofauti. Kanuni zile zilitoka juu kwenda chini. Hizi tunaziandika wenyewe, tunazipigia kura wenyewe, na tukiona zinatubana tunazibadilisha wenyewe. Ukitaka kujua kanuni ni ya namna gani, uliza inamlinda nani. Ikimlinda mwenye cheo asiambiwe ukweli na asiye na cheo, hiyo ni gundi ya kubandika midomo, tuikatae wote, na mimi nitakuwa mbele yako. Ikimlinda mwaka wa kwanza apate kumwambia mwaka wa nne "umekosea hapa" bila kudhalilishwa, hiyo inafungua midomo. Leo, bila kanuni yoyote, wangapi wanaongea grupuni? Tuko memba zaidi ya 60 na wanaoandika ni wale wale saba. Hao wengine wameshanyamazishwa. Hakuna aliyewapelekea barua, kejeli ilitosha.

Na kuacha mdomo bila mipaka kuna mwisho wake pia. Kenya, Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, David Kobia alikuwa na ukumbi wa mazungumzo mtandaoni unaoitwa Mashada. Chuki za kikabila zikaufurika mpaka akaamua kuufunga. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika machafuko yale. Kobia huyo huyo akawa mmoja wa walioanzisha Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, ambayo baadaye imetumika katika nchi nyingi. Mimi sisemi grupu letu litaua mtu. Nasema tu kwamba mahali ambapo kila tusi linaruhusiwa, mwisho wake mara nyingi ni mlango kufungwa, na hapo mnyamavu na mtukanaji wote wanabaki nje.

Basi haya ndiyo nitakayoyapeleka Jumamosi. Yasomeni, yachaneni, yaongezeeni.

1. Piga kazi, usimpige mwenye kazi. "Nyumba hizi zimesogea" ni ruksa. "Wewe ni mjinga" si ruksa. Kijiji cha mtu, kabila lake, jinsia yake na Kiingereza chake haviingii kwenye ukaguzi.

2. Hapana iwe hapana. Kazi mbovu ikataliwe bila kuzungushana, na kila hapana iwe na sababu yake na hatua inayofuata. Kumwambia mgeni "kasome" bila kumwonyesha wapi si jibu.

3. Hakuna kufuta kazi ya mtu nzima nzima kabla hajaambiwa kasoro na kupewa nafasi ya kurekebisha. Kinachoharibu kazi ya wengine kiondolewe, kilicho sahihi kibaki.

4. Malalamiko yapelekwe kwa watu watatu wa kuchaguliwa, na mmoja wao awe wa mwaka wa kwanza. Wakilalamikiwa wao, wakae pembeni.

5. Mkosoaji mkali alindwe. Mtu asiadhibiwe kwa kusema kodi ya kiongozi ni mbovu. Akisema kwa hoja, hata ikiuma, imeze.

6. Utani ni kwa walioafikiana. Anayetaniwa akisema basi, ni basi.

7. Itumba irudishwe. OpenStreetMap hutunza historia ya kila badiliko, kwa hiyo kilichofutwa kinaweza kurejeshwa. Aliyefuta akirejeshe kwa mkono wake, kisha akae na kijana wamalize pamoja zile nyumba. Si adhabu, ni kazi ilibaki nusu.

Mtasema namba saba ni ya upendeleo kwa sababu ni kwetu. Ndiyo, ni kwetu! Kila sehemu ya ramani ni kwao na mtu fulani, na ndiyo maana ramani huria inawezekana. Watu wa kwao wanaijali, wanaitembea, wanaichora. Ukiwafukuza utabaki na picha ya setilaiti iliyosogea, na hakuna wa kukuambia imesogea.

Mimi sina nguvu za kumlazimisha mtu. Nina kura moja na mdomo mmoja. Ninachojua ni kwamba kikundi kama chetu hakina mishahara ya kugawa wala vyeo vya kuringia. Tulichonacho ni watu kukubali kurudi kesho. Ukimnyima mtu sababu ya kurudi, umekibomoa kikundi kwa kadiri ya mtu mmoja, na hakuna kipimo cha akili zako kitakachofidia hilo.

Mnaobisha njooni Jumamosi saa nane, chumba kile kile karibu na maktaba. Bisheni mpaka jasho liwatoke, mimi ndicho ninachokitaka. Wa mwaka wa kwanza msikae nyuma, kura yenu ni sawa na ya mkubwa yeyote. Na wewe msomaji wa chuo kingine, nimalizie: kwenu mnakosoanaje? Niambie, nimekaa mkao wa kusikiliza, ilimradi bando lidumu.

Ni hayo tu kwa leo. Kesho asubuhi nina jaribio jingine. Niombeeni. Alamsiki.